Mifuko chini ya macho: usiuze uso wako butura (Sehemu ya 7)

Mama zangu, dada zangu, na kina baba wachache mnaosoma kimyakimya bila kukomenti. Nawaona. Wiki iliyopita tulimaliza habari ya kitovu cha mtoto, nikaahidi leo tutaongea kuhusu degedege. Naomba degedege isubiri kidogo, kuna jambo limeniingia inboksi na limeninyima usingizi.

Binti wa mama yangu mdogo, yuko upande wa Nkwenda huko Kyerwa, ana watoto watatu, wa mwisho ana miezi mitano. Juzi saa nne usiku kanitumia tangazo aliloliona kwenye simu. Picha mbili za mwanamke mmoja: kushoto ana mifuko chini ya macho, uso umechoka, kulia mifuko hakuna, kapaka wanja, anacheka. Akafuatisha na sauti: "Dada, eti ni operesheni ndogo tu, unaingia asubuhi, jioni uko zako nyumbani. Mi nimechoka kuulizwa kila siku kama naumwa. Hela ya kahawa ipo, na kikundi tunavunja mwezi ujao. Wewe ndo uko hospitali, unasemaje?"

Nilimjibu kidogo, ila najua hayuko peke yake. Hii mada nimeshaulizwa hadi kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kwa hiyo naandika hapa, yeye asome na nyie msome.

Niseme kabisa msimamo wangu mapema ili tusipoteze muda. Sipingi mtu kufanyiwa upasuaji wa kope. Ninachopinga ni namna tunavyouziwa. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunaijua butura. Mtu kabanwa na ada, anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei anayotaja mnunuzi. Msimu ukifika anasimama kando anaangalia magunia yakibebwa na mwingine. Kuuza kahawa si kosa, kosa ni kukubali bei kabla hujaona mzigo. Na operesheni hii, kwa jinsi inavyotangazwa kwenye simu, naiona vilevile: unatajiwa bei ya kuingilia, hutajiwi unachoweza kutoka nacho usoni.

Kuna mama mmoja siwezi kumsahau (mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane). Alikuja kliniki ya watoto kavaa miwani myeusi, siku ya mvua, tena mvua ya kwetu mnaijua inavyotia giza. Nikampima mtoto uzito, nikaandika kadi, moyoni nasema huyu kapigwa. Tumefundishwa kuuliza taratibu, hivyo nikamwomba abaki wenzake wakitoka. Akavua miwani.

Hakuwa amepigwa. Kope la chini la jicho la kulia lilikuwa limevutwa chini na kugeuka nje, ule wekundu wa ndani unaonekana. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki la duara duara, weupe unaonekana chini ya mboni, kama mtu aliyeshtuka na hajaacha kushtuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka upande mmoja bila kulia. Akaniambia alifanyiwa miezi minne nyuma, mji mmoja mkubwa nje ya mkoa wetu. Siku ya tatu akapanda basi kurudi. Namba aliyokuwa anawasiliana nayo haipokelewi tena. Halafu akaniambia kitu ambacho ndicho kilichonichoma: mwanaye wa miaka minne kila asubuhi anamuuliza, "Mama, nani kakuliza?"

Sasa kwa nini kope la chini? Maana kuna watu wamepunguzwa kope la juu na wako salama, watasema nesi anatisha watu. Simama mbele ya kioo, vuta taratibu ngozi ya chini ya jicho. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine zote mwilini. Chini yake kuna msuli mwembamba unaolizunguka jicho, ndio unaolifumba. Nyuma ya msuli kuna utando, na nyuma ya utando kuna vifuko vya mafuta vinavyolikinga jicho, kama majani makavu ya migomba unayofungashia mayai yasigongane. Mafuta hayo si uchafu na si ugonjwa, yako kazini. Umri ukienda, au kama ndivyo ukoo wenu ulivyo, utando unalegea na mafuta yanasogea mbele. Huo ndio mfuko unaouona.

Kope la juu linaning'inia lenyewe, uzito wake unalisaidia. La chini limekaa kama kamba ya kuanikia nguo, limefungwa pembe mbili tu, ya puani na ya upande wa sikio. Ukiongeza mzigo, au kamba yenyewe ikiwa imelegea, katikati inashuka. Daktari anaweza kupitia nje, akakata mstari chini kidogo ya nywele za kope, au akapitia ndani ya kope ambako kovu halionekani. Anaweza kutoa mafuta, kuyasogeza, au kupunguza ngozi. Akipunguza ngozi kupita kiasi, hata milimita chache, au kovu la ndani likijivuta wakati wa kupona, kamba inashuka. Njia ya ndani ina nafuu zaidi kwa jambo hili, ila haifai kwa kila mtu.

Kuvimba, damu kuvilia na kuwa na rangi ya zambarau, ganzi kidogo, macho kuwasha, hayo ni ya kawaida na mengi yanapungua ndani ya wiki mbili hivi. Uso wenyewe kutulia kabisa kunachukua miezi. Tangazo haliwezi kukuonyesha wiki ya pili, nani atanunua?

Kinachonisumbua ni yale yanayobaki. La kwanza ni hilo la kope kushuka na weupe kuonekana, na likizidi, kope kugeuka nje kama kwa yule mama. Hapo si urembo tena peke yake, maana jicho lisilofumba vizuri linakauka, linawasha, machozi yanamwagika badala ya kulainisha, na usiku mtu analala jicho liko wazi kidogo. La pili, jicho kuzama. Mafuta yakitolewa mengi, panabaki shimo. Leo una miaka 33 unaona umependeza, lakini uso unaendelea kupoteza mafuta kadiri miaka inavyokwenda, na ukifika hamsini shimo linakufanya uonekane mzee kuliko mwenzako ambaye hakugusa kitu. La tatu, macho mawili kutolingana. Hakuna uso ulio sawa pande zote tangu kuzaliwa, ila baada ya kulipa hela nyingi kila tofauti utaiona.

Halafu rangi. Hapa nataka mnisikilize vizuri sisi wenye ngozi nyeusi. Watu wananiuliza sana kuhusu makovu yanayovimba. Kweli ngozi zetu zinapenda kufanya hivyo kifuani, mabegani, masikioni, lakini kwenye kope ni nadra, kwa hilo msiogope sana. Kinachotupata zaidi ni weusi. Ngozi yetu ikijeruhiwa inajibu kwa kuongeza rangi, na pale chini ya jicho panaweza kubaki peusi kwa miezi mingi. Na wengi wanaokwenda kupunguza mifuko shida yao halisi ni ule weusi! Kutoa mafuta hakuondoi weusi. Mtu anatoka mfuko umeisha, weusi upo palepale, anaanza kutafuta krimu.

Kuna moja ni nadra sana ila siwezi kuliruka: damu kuvuja nyuma ya jicho baada ya operesheni na kubana mshipa wa kuona. Maumivu makali yanayozidi, jicho kutokeza nje, kuona kufifia, hasa ndani ya saa 24 za mwanzo. Hiyo ni dharura. Mtu anaweza kupofuka kabisa, na usingoje kupambazuke.

Hapa ndipo hoja yangu yenyewe ilipo. Kope kushuka hakuji siku ya kwanza. Siku ya kutolewa nyuzi unaweza kuwa mzuri tu. Kovu linajivuta wiki kadhaa mbele, wewe ukiwa umesharudi Nkwenda unapalilia maharage. Na likitokea, matibabu yake ni ya kurudi na kurudi: kusugua kope kuelekea juu kwa namna utakayoelekezwa, dawa ya kulainisha jicho kila usiku, kubandika plasta, kungoja miezi kovu lilegee, na lisipolegea operesheni nyingine, pengine kwa kupandikiza kipande cha ngozi kilichotolewa mahali pengine. Hakuna daktari anayeweza kukufanyia hayo kwa WhatsApp.

Piga hesabu kutoka ulipo. Mtu wa Kayanga anashuka Bukoba, akipewa rufaa anakwenda Bugando kule Mwanza. Mtu wa Murongo kuna wakati Mbarara ni karibu zaidi, pale Ruharo kuna hospitali ya macho ya miaka mingi, lakini ukivuka mpaka unalipa kwa hela ya kule. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, usiku na mchana ndani ya basi. Zidisha mara nne au tano. Ongeza chakula, pa kulala, wa kumwachia watoto, shamba lisilolimwa. Bima haigusi upasuaji wa urembo, na usitegemee itagusa marekebisho yake. Kwa hiyo dada anayesema "nina hela ya operesheni" mara nyingi ana hela ya operesheni bila ya marudio. Nusu ya bei ndiyo ameona, hiyo ndiyo butura.

Wapo watakaosema, nesi, kwa hiyo mwanamke wa kijijini hana haki ya kupendeza? Nimeshaambiwa hivyo, tena na rafiki yangu wa karibu, tukanuniana siku mbili. Haki anayo. Upasuaji wa kurekebisha muonekano nchini kwetu upo, hata Mloganzila unafanyika, na wataalamu wazuri tunao. Kuna mtu mifuko yake ni mikubwa kweli, imemtesa tangu ujana, kachunguzwa, kaelezwa, ana uwezo wa kurudi kliniki, akafanyiwa na akafurahi. Huyo nampongeza. Ila haki ya kupendeza inakwenda pamoja na haki ya kuambiwa ukweli, na huu wa pili ndio hatupewi.

Jambo jingine ninalotaka lisomwe na kila mama hata asiye na mpango wa operesheni: kabla hujasema una mifuko, jua kama ni mfuko au ni uvimbe. Mfuko wa mafuta upo asubuhi na jioni, na ukitazama juu unatokeza zaidi. Uvimbe wa maji unakuwa mzito ukiamka, ukishinda umesimama unapungua, na mara nyingi jioni unauona miguuni. Uvimbe wa maji si wa kumpelekea mtu wa urembo, ni wa kupima.

Mjamzito aliyevuka miezi mitano, uso umevimba, kichwa kinauma, anaona nyota nyota au tumbo linauma juu: presha na mkojo leo hii, si kliniki ijayo. Hizo zinaweza kuwa dalili zinazotangulia kifafa cha mimba, na zinaweza kuja hata baada ya kujifungua, ndani ya wiki sita. Mtoto anayeamka na macho yaliyovimba siku mbili tatu mfululizo, mkojo una povu au umepungua, usiseme kaumwa na mdudu wala kalala sana. Inaweza kuwa figo zinapoteza protini. Kipimo cha mkojo ni kijiti tu, dakika chache, na hata vituo vyetu vingi vya afya wanacho. Nimeona mtoto aliyepakwa mafuta ya nazi na maji ya chumvi machoni kwa wiki tatu, kumbe figo. Yule alipona, lakini tulikimbizana.

Tezi ya shingoni nayo inaweza kuvimbisha kope au kutokeza macho. Na mzio, jamani, mzio! Jiko la kuni lisilo na pa kutokea moshi, macho yanawasha, mtu anasugua mchana kutwa, ngozi inavimba na kuwa nyeusi. Ukimpeleka huyo kwenye kisu, akirudi jikoni atasugua tena, safari hii juu ya kovu. Toboa dirisha jikoni kwanza.

Na krimu. Najua mnazonunua mnadani Omurushaka na zile zinazovuka mpaka. Nyingine zina dawa za jamii ya steroidi hata kama kwenye kopo hazijaandikwa. Zikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu ngozi inazidi kuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na zinaweza kupandisha presha ya macho, ile inayoua uoni kidogo kidogo bila maumivu. Zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na bado ziko sokoni, msijifanye hamzioni. Hata mpasuaji mzuri akikutana na ngozi iliyoliwa na krimu, kazi yake inakuwa ngumu. Mwambie ukweli.

Niseme pia kwamba upasuaji wa kope si mgeni Tanzania. Kule Kongwa, Dodoma, ambako trakoma imesumbua watu miaka na miaka, bibi zetu wamefanyiwa operesheni ya kope kwa sababu nywele zilikuwa zinageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Hata huko, kwa mikono yenye uzoefu, kuna wanaobaki na mstari wa kope uliopinda. Wanakubali, kwa kuwa walichookoa ni kuona. Na huku kwetu kuna watoto waliomwagikiwa uji wa moto, kovu la shavu likavuta kope la chini. Huyo mtoto mpelekeni, msione aibu, msiseme akikua itajirekebisha. Kovu halikui na mtoto, linamvuta. Kwake yeye kisu kinarudisha kitu. Kwa mwenye jicho zima, kisu kinaweza kuchukua kitu, na mizani inatakiwa iwe tofauti.

Kama umepima, umeonekana huna ugonjwa, na bado unataka, basi nenda ukiwa na maswali. Muulize jina lake kamili na kama kasajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika, usiridhike na koti jeupe. Muulize atapitia nje au ndani, na kwa nini. Mwangalie kama anavuta kope lako chini na kuachia aone linarudi haraka au linabaki limelegea. Asipokugusa kope na tayari ameshataja bei, ondoka. Muulize kama macho yako ni makavu. Mwambie dawa zote unazotumia, aspirini na miti shamba vikiwemo, maana nyingine zinafanya damu isigande vizuri. Halafu muulize hili ambalo wengi hawaulizi: kope langu likishuka mwezi wa tatu, nani atanirekebisha, wapi, na kwa hela ya nani? Akicheka, umepata jibu. Na picha za "baada" muombe za mwaka mmoja, za watu weusi, bila filta.

Yule mama wa miwani alipata rufaa. Kwa muda alikuwa anasugua kope na kupaka dawa kila usiku, mumewe ndiye anayemshikia tochi. Liligeuka kidogo kurudi ndani, si lote. Alisubiri operesheni ya pili zaidi ya mwaka kwa sababu ya nauli. Nilipomwona mara ya mwisho hakuwa na miwani, machozi yalikuwa yamepungua, na ukimtazama kwa karibu jicho la kulia bado limekaa chini kuliko la kushoto. Akaniambia amezoea. Sikujua nimjibu nini, nikamuuliza mtoto anaendeleaje.

Mdogo wangu wa Nkwenda jana nilimwomba aende kituo cha afya kwanza. Presha nzuri, mkojo safi, damu imepungua kidogo, kapewa vidonge. Nikamwambia anitumie picha ya mama mdogo alivyokuwa kijana, akatuma ile ya harusi yake: mifuko ileile, mama anacheka, mzee kamshika mkono. Mtoto wa miezi mitano anaamka mara nne usiku kunyonya, hilo nalo lina sehemu yake. Tumekubaliana asubiri mtoto aache ziwa, apumzike, kisha aende akaonwe na daktari wa macho kabla ya mtu mwingine yeyote. Hela imebaki kwenye kikundi. Leo asubuhi kanitumia sauti tena, "Lakini dada, miti shamba hata ile ya mafua inahesabika?" Inahesabika, mdogo wangu. Andika jina lake kwenye karatasi, uende nayo.

Degedege ni Alhamisi, nimeahidi.